Nilivyomshinda Zuhura Kabla ya Mbio

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya ndoa yangu wala ile niliyomzika mama. Ni Jumapili moja baada ya Krismasi. Nimekaa barazani kwangu hapa Bombambili, Songea, ungo wa mchele mapajani, natoa mawe, na kaka yangu Bosco amekaa mbele yangu anakunywa togwa. Siku hiyo nilimwambia maneno machache, hayafiki ishirini. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Miaka imepita, meno yamenitoka, wenzangu wengi wako makaburini, na bado nikikaa peke yangu nasikia sauti yangu ikiyatamka.

Nivumilie kidogo, sitaanza na maneno hayo. Nitaanza na mbio.

Usicheke. Bibi huyu unayemwona anashika ukuta akitaka kusimama alikuwa anakimbia. Shule ya msingi hakuna msichana aliyenipita. Niliiwakilisha shule yetu hadi wilayani, nikapewa zawadi ya madaftari manne na kalamu, na baba akawa anazionyesha kwa kila mgeni mpaka majalada yakachakaa bila mimi kuandika kitu. Nilipomaliza darasa la saba nikapata kibarua kiwanda cha tumbaku, kuchambua majani, baadaye wakaniajiri kabisa. Nikaolewa na marehemu babu yenu, fundi mwashi, mtu mpole, tukapata watoto wawili. Mbio zikaisha kama zinavyowaishia wanawake wengi. Hakuna aliyenikataza, ila haikupatikana tena siku yenye nafasi.

Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Wewe umezaliwa umekuta maduka yamejaa, huwezi kujua. Sisi tulitoka kwenye foleni ya sukari na sabuni, na ghafla mtaa wa Majengo ukafurika redio, vitenge, mitumba ya kila aina. Vitu vikaja, kazi zikaondoka. Asubuhi moja tukaitwa uwanjani pale kiwandani, bwana mmoja ambaye hatukuwahi kumwona akasimama juu ya kreti akasoma majina. Tulidhani wanaosomwa ndio wanaobaki. Langu lilikuwa la tatu, na nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakasikia. Aliposema waliosomwa wakachukue barua zao dirishani, sikuweza hata kumtazama jirani yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Miezi ya kwanza nililala mchana kama mgonjwa. Nikanenepa unene mbaya, ule wa huzuni. Siku moja nilipandisha kilima cha kutoka mtoni na ndoo moja tu kichwani, nikalazimika kuitua njiani ili nipumue. Watoto wawili wa shule wakanipita wakikimbia, wakanisalimia, "Shikamoo bibi!" Bibi! Miaka thelathini na minne!

Wiki ile ile nikaenda kwenye mitumba Majengo, nikanunua raba. Zilikuwa kubwa, nikazijaza vitambaa kwenye vidole. Babu yenu aliponiona nazo hakucheka. Alisema, "Kimbia, mama Nikodemu. Ila uji wa watoto uwe umeiva."

Kukimbia alfajiri peke yangu niliogopa, kwa hiyo nikamwomba wifi yangu anisindikize.

Sasa nikueleze huyu wifi. Jina lake Zuhura, mtoto wa Namasakata, kule Tunduru, kwao wakulima wa korosho, Waislamu wa swala tano. Bosco alimkuta huko alipokwenda na matajiri wanunuzi wa korosho. Wakafunga ndoa bomani, maana huku kwetu watu wa kanisa waligoma na kule kwao waligoma vilevile. Alipokuja Songea hakuwa na ndugu mji mzima. Mama yangu, ambaye alikuwa akiishi kwangu, alimkubali polepole, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. Mimi nilimkubali siku ya kwanza. Sisemi hivi kujisifu. Nataka ujue ni nani aliyeaminiwa.

Bosco wakati huo alikuwa ameacha korosho, yuko Mbinga, karani wa kupima kahawa kwa mnunuzi binafsi. Anakuja nyumbani mara moja kwa wiki mbili, akipata lori. Kaka yangu alikuwa mchapakazi, ila alikuwa na wivu. Akirudi anauliza nani alipita, nani alikaa kiti kile. Ndiyo maana Zuhura aliponikubalia kukimbia alisema, "Wifi, Bosco asijue kwanza. Nikimwambia mimi ataniona mhuni. Utamwambia wewe, dada yake, siku ukiona moyo wake umetulia."

"Nitamwambia," nikasema.

Basi kila siku akishaswali swala ya alfajiri anakuja kunigongea dirisha. Anafunga khanga juu ya suruali, miguu mitupu. Tunatoka Bombambili tunakwenda uwanja wa shule, ukungu bado umekaa juu ya nyasi. Wiki ya kwanza sikumaliza hata mizunguko miwili. Nilitapika. Zuhura alinishika mgongo akiniambia, "Taratibu, wifi, hakuna anayetufukuza." Mwezi wa pili nikamaliza mizunguko sita. Mwezi wa tatu mwili ukaanza kunirudia. Nguo zikapwaya. Nikawa nalala usiku, naamka na njaa, nacheka hovyo. Mwanangu, kuna furaha ya kurudishiwa mwili wako mwenyewe ambayo siwezi kukueleza. Ungeniona ungedhani nimerudishwa kazini.

Pale uwanjani ndipo alipotukuta Mwalimu Ditram. Alikuwa mwalimu wangu wa michezo nilipokuwa mtoto. Sasa amestaafu, amefiwa na mkewe, anaishi peke yake jirani na shule, mzee wa suruali iliyopigwa pasi hata kama haendi popote. Alinitambua kwa mbio kabla hajaniona sura. "Skolastika! Bado unatupa mkono wa kushoto!" Kesho yake akaja na saa ya kupimia muda na daftari. Tangu siku hiyo akawa anatungoja pale, ananiandikia muda wangu, ananikaripia kama nina miaka kumi na mbili. Nilifurahi kukaripiwa.

Mwezi wa kumi tukasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Majengo, muuza vitambaa, anaandaa mbio siku ya mwisho ya mwaka. Kilomita kumi, kutoka uwanja wa mpira, barabara ya Tunduru hadi darajani na kurudi. Mwanamume wa kwanza atapata baiskeli. Mwanamke wa kwanza, cherehani ya miguu. Aliiweka mbele ya duka lake, nyeusi, inang'aa, na utepe mwekundu kama bibi harusi. Mimi na Zuhura tulikwenda kuitazama. Tulisimama pale mpaka kijana wa duka akatuuliza tunanunua nini.

Njiani kurudi Zuhura akasema, "Wifi, nikishinda mimi au ukishinda wewe, cherehani ni yetu. Tutaiweka kwenye baraza lako, maana lako ni kubwa. Wewe utakata, mimi nitashona. Sare za shule hazikosi wateja."

"Yetu," nikasema. Tukapeana mikono.

Ukumbuke hapo, mwanangu, ili usije ukanitetea. Cherehani ilikuwa yangu kwa vyovyote. Sikuhitaji kumfanyia Zuhura ubaya wowote ili niipate.

Nini kilitokea basi? Kilichotokea ni kwamba Zuhura alianza kukimbia.

Miezi ile yote alikuwa ananisindikiza tu, anakwenda mwendo wangu. Hakuwahi kukimbia mashindano maishani mwake. Utotoni kazi yake ilikuwa kufukuza nyani shambani. Siku moja mwezi wa kumi na moja Mwalimu akamwambia, "Binti, hebu leo usimngoje dada yako. Nenda nione." Akaenda. Sikuwahi kuona mtu akikimbia vile tangu nizaliwe. Hakuhema, hakukunja uso. Alinitangulia mzunguko mmoja mzima, na aliponipita alinitupia tabasamu, kama tuko njiani tunakwenda kisimani. Mwalimu alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni kujua kama bado inatembea.

Toka asubuhi ile, daftari likafunguliwa ukurasa mpya. Mwalimu akawa anasimama upande wa Zuhura, anamfundisha kukata kona, anamletea chungwa. Sikatai kwamba na mimi alinifundisha. Lakini asubuhi moja nimeshachoka, alinipigia kelele, "Skola, mfuate Zuhura! Mtazame Zuhura!" Basi, likaniingia. Mimi ndiye niliyemleta uwanjani. Mimi ndiye niliyeanza. Kiwanda kilishanitoa, sasa hata hapa kwenye nyasi, mahali pekee nilipokuwa nimejipatia tena jina, nimekuwa mtu wa kumfuata mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojisemea. Mawazo hayo hayakuja siku moja. Yalikuja kidogo kidogo, na kila yalipokuja niliyakaribisha, nikayawekea kiti.

Zuhura hakuona kitu. Aliendelea kunigongea dirisha.

Krismasi Bosco akarudi. Tulikula wote kwangu, Zuhura alipika wali, mama akamsifu mbele za watu kwa mara ya kwanza. Tulipokuwa tunaosha vyombo, Zuhura akaninong'oneza, "Wifi, mbio zimebaki siku chache. Umwambie sasa. Moyo wake umetulia, tangu aje hajauliza swali hata moja."

"Jumapili nitamwambia," nikasema.

Na Jumapili Bosco akapita kwangu baada ya misa, peke yake. Mama alikuwa bado kanisani na akina mama wa jumuiya. Nikampa togwa. Tukaongea habari za kahawa, bei, matope ya njia ya Mbinga. Alikuwa na furaha. Akasema, "Dada, yule mwanamke Mungu amenipa. Nyumba ikikutwa safi vile, hata kama mtu amechoka anapumzika."

Sikuinua macho kutoka kwenye ungo. Nikasema, "Muulize alfajiri anakwenda wapi ukiwa Mbinga. Kule uwanja wa shule. Mwalimu Ditram anamjua vizuri."

Ndiyo hayo, mwanangu. Umeyasikia. Hebu yatazame, utaona hayana uongo. Alfajiri alikuwa anakwenda. Uwanjani alikuwa anakwenda. Mwalimu alimjua. Kilichokosekana ni neno moja tu, "tunakwenda". Na ile sauti niliyoitumia, sauti ya mtu anayesikitika, anayesema kwa shida, hiyo niliitengeneza mwenyewe.

Bosco aliweka kikombe chini, togwa ikiwa nusu. Akaondoka anatembea upesi.

Nataka kusema kwamba sikujua. Nilidhani atamkataza kukimbia, atamfungia ndani wiki moja, mbio zitapita, kisha nitamweleza ukweli wote na tutacheka. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilimjua kaka yangu, nililala naye chumba kimoja utotoni. Nilijua hasira yake inavyoanza. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na nakumbuka niliyatoa vizuri sana, hata moja halikubaki.

Jumatatu asubuhi Zuhura hakunigongea dirisha. Mama akaenda kwa Bosco kuwasalimu, akarudi amejishika kiuno. "Zuhura hayupo," akasema. "Bosco amempandisha lori la Tunduru alfajiri, na furushi lake la nguo. Majirani wanasema jana jioni hakutaka kusikia maelezo, alimsukuma akaangukia kizingiti, mkono ukavunjika. Amesafiri nao vile vile, umefungwa khanga." Akanitazama. "Skola, wewe ulikuwa na Bosco jana. Amesikia nini huyu mtoto?"

"Sijui, mama," nikasema.

Tunduru wakati wa mvua hapafikiki kwa siku moja. Malori yanakwama kwenye matope, watu wanalala barabarani. Lori lile bado lilikuwa njiani. Ningekwenda kwa Bosco asubuhi ile ile, ningesema, "Kaka, nilikuwa naye kila siku, ni mbio tu," angelifuata. Nilikuwa na Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano. Siku tatu nzima. Jumanne nilikwenda uwanjani kufanya mazoezi. Mwalimu akauliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Amesafiri kwao."

"Wiki ya mbio?"

"Kuna msiba," nikasema. Huo sasa ulikuwa uongo mtupu, na ulitoka kirahisi.

Siku ya mbio ikanyesha asubuhi, kisha ikakatika. Udongo wetu ule mwekundu unaujua, unashika viatu kama gundi. Wanawake tulikuwa kumi na moja, tukatangulizwa kabla ya wanaume. Filimbi ikalia tukaondoka. Sitakudanganya, nilikimbia vizuri. Mwili wangu ulikuwa haujui nilichofanya, au ulijua na haukujali. Hadi darajani nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, mwembamba, anakimbia kwa pupa. Kwenye kilima cha kurudi akaanza kutembea, nikampita. Kutoka hapo mpaka mjini nilikuwa peke yangu barabarani, watu wamejipanga pande mbili na miavuli, wanapiga makofi, wanaita, "Mama! Mama! Mama!" Nilikuwa nimeota siku ile tangu siku jina langu lilipotajwa kule kiwandani. Nikaingia uwanjani wa kwanza. Dakika hamsini na mbili.

Kwenye kipaza sauti wakasema, Skolastika, mama wa watoto wawili, aliyeacha mbio miaka mingi na kurudi. Watu wakashangilia. Watoto wangu walikuwa pale. Babu yenu alilia. Na Bosco alikuwa pale, maskini, macho mekundu kwa pombe, lakini alikuja kumtazama dada yake. Hakujua kwamba nilikuwa nakimbia mpaka alipoliona jina langu ubaoni asubuhi ile. Alinishika mkono akasema, "Dada, hukuniambia!"

Kabla sijajibu akafika Mwalimu Ditram, daftari kwapani. Akanipa mkono, "Hongera, Skola." Kisha akamgeukia Bosco kwa heshima kabisa. "Wewe ndiye mume wa Zuhura? Pole kwa msiba. Ila umenikosesha mshindi, bwana. Mkeo angekuwa ameshaoga na kula wakati dada yako anaingia hapa. Asubuhi zote zile walizokuja hawa wawili, sijapata kuona mkimbiaji kama yule."

Bosco akasema, "Hawa wawili?"

"Wawili, ndiyo. Hawakuachana hata siku moja. Yupi angekuja peke yake na giza lile?"

Kaka yangu akaugeuza uso wake kwangu polepole. Nimeona watu wakifa, mwanangu, na sijaona uso ukibadilika namna ile.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sasa kwa nini uliniambia vile?"

Muziki ulikuwa unapigwa, wanaume wanaanza kuingia, watu wanashangilia. Nikainama nikatazama raba zangu zilizojaa udongo. Bosco aliondoka akipasua umati kwa mabega, na Mwalimu akabaki ananitazama, kisha akafunga daftari lake. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananiitikia shikamoo na kupita.

Cherehani ililetwa nyumbani kwa mkokoteni, watoto wa mtaa wanaifuata wakiimba. Mama alikuwa ameketi jikoni, ameshasikia kila kitu, Bosco alipita kwanza kwake. Alingoja kelele zitulie, akaniita ndani.

"Ungemwambia Bosco uongo ningekuombea," akasema. "Mwongo anautubu uongo wake, yanaisha. Wewe umeuchukua ukweli ukaugeuza kisu. Sasa utatubu nini, Skola? Utakwenda kwa padri useme nisamehe nilisema kweli?"

Nikapiga magoti. Hakuniinua. Akaendelea kumenya ndizi.

Mama aliishi miaka sita baada ya hapo, na hakuvaa nguo hata moja niliyoshona mimi. Nilimshonea gauni la Pasaka, akalikunja, akalipa maskini mlangoni. Hakunifokea tena, alikula chakula changu, aliwalea wanangu. Gauni tu hakuvaa.

Bosco alikwenda Namasakata mara mbili kumrudisha mkewe. Mara ya kwanza baba mkwe alimpokea, akamketisha, akamwita Zuhura aje amwonyeshe mkono, kisha akamwambia, "Umeuona? Haya, njia ni hiyo." Mara ya pili hawakumfungulia. Talaka ikafuata. Bosco akazama kwenye pombe ya ulanzi, kazi ya Mbinga ikaisha. Mama alipofariki alikuja, akachimba kaburi na wenzake, akanipa mkono wa pole kama unavyompa jirani wa mtaa wa pili. Alikufa kabla hajafika hamsini, na hatukuwa tumezungumza.

Na mimi nilikwenda. Nilichukua miaka miwili kupata ujasiri. Nikamwomba dereva wa lori, nikapakia cherehani juu, nikaifunika turubai, nikaenda nayo mpaka Namasakata. Nilimkuta Zuhura uani, amekaa kwenye mkeka, anabangua korosho. Ameolewa tena, mtoto mdogo amelala pembeni yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, umebaki hivyo, haunyooki. Korosho alikuwa anaibana kwa goti na kuipiga kwa mkono wa kulia.

"Karibu, wifi," akasema. Hakushtuka. Akaniletea maji, akaniletea ugali na kisamvu. Akangoja nile kidogo, ndipo akauliza, "Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Muda gani?"

"Dakika hamsini na mbili."

Akahesabu kichwani. "Ningekuacha mbali."

"Najua."

"Kama unajua, basi."

Nikasema, "Zuhura, nimekuja kukuomba..."

"Usiniombe, wifi. Ukiniomba itabidi nikujibu."

Nikamwambia cherehani iko juu ya lori barabarani, nimemletea, ni yake. Akatazama upande wa barabara kwa muda. Akatazama mkono wake. Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Cherehani inataka mikono miwili. Rudi nayo. Nimeshakusamehe kwa ajili ya Mungu, nisije nikambeba mtu moyoni. Lakini usije tena. Nikikuona hapa, mkono unaniuma."

Nikarudi nayo. Na sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapopenda kudanganywa. Wangependa niseme cherehani ile iliharibika, au nilipata ugonjwa wa macho, au wateja walinikimbia. Hapana. Nilishona sare za shule miaka kumi na minane. Haikukatika hata mkanda. Ilisomesha watoto wangu wote wawili, ilijenga vyumba viwili vya nyuma, na kile unacholala wewe ukija likizo ni kimoja kati ya hivyo. Ubaya wangu ulinilipa vizuri. Nimeula kwa miaka yote hiyo na umenishibisha, na hakuna siku nimeusikia mtamu.

Mbio sikukimbia tena. Raba nilimpa mtu.

Mwanangu, wewe unakimbia, nimekuona asubuhi ukitoka na wenzako, na nimesikia mnajiandaa kwa mashindano ya mwisho wa mwaka huu. Kimbia. Usije ukaacha kwa sababu yangu. Lakini siku ukiona mwenzako amekupita, na kitu kikakuchoma hapa kifuani, usinyamaze nacho. Mwambie yeye mwenyewe usoni, "Nimekuonea wivu leo." Ni aibu ya dakika moja. Mimi ningeisema ile aibu ya dakika moja, Zuhura angecheka, na mkono wake ungekuwa mzima.

Ukipewa neno la mtu ulifikishe, lifikishe lote, kama alivyokupa, pamoja na sehemu yako wewe mwenyewe uliyoshiriki. Ukiona unaanza kuchagua utaje lipi na uache lipi, funga mdomo kwanza ujiulize unachagua kwa faida ya nani. Ukiwa umekosea, usingoje Jumanne. Mkimbilie uliyemdhuru siku ile ile, hata kama ni matope, maana ipo saa ambayo lori bado liko njiani, na ikipita haiitwi ikarudi. Na ukiwa mume wa mtu, uliza kabla hujanyanyua mkono, na ukishajibiwa usiunyanyue vilevile. Bosco nilimpa maneno, sikumpa mkono. Ule ulikuwa wake, naye alikwenda nao kaburini.

Sasa njoo karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde miguu yako na ulimi wako, na ulimi aulinde zaidi. Akupe marafiki wanaokupita, usiwachukie. Akupe ushindi ambao utaweza kumsimulia mama yako bila kuinamisha uso. Na siku ukifika wa pili, mwanangu, akuachie pumzi za kutosha kumpigia makofi wa kwanza.